Kulinganisha makundi mawili: thamani ya p au wigo wa uhakika?

Ukishakusanya data za makundi mawili, swali la kwanza la msimamizi wako huwa moja: kuna tofauti? La pili, ambalo wengi hawaulizwi na kwa hiyo hawajiandai nalo, ni hili: tofauti kiasi gani? Jaribio la nadharia tete (dhana inayowekwa ili ipimwe kwa data), lile linalozaa thamani ya p, linajibu la kwanza. Wigo wa uhakika, yaani ncha mbili ambazo kati yake tofauti ya kweli inakadiriwa kuwa, unajibu la pili, na mara nyingi la kwanza pia. Nitaziweka njia hizi mbili ubavu kwa ubavu kwa kutumia data halisi za hapa kwetu, maana mifano ya kurusha sarafu na dadu imeshatuchosha.

Data zenyewe ni za utafiti wa FEAST uliochapishwa mwaka 2011 kwenye New England Journal of Medicine. Ulifanyika katika hospitali sita: Kilifi kule Kenya, Mulago, Mbale, Soroti na Lacor kule Uganda, na Teule ya Muheza, Tanzania. Watoto 3,141 waliofika na homa kali, damu haizunguki vizuri mwilini, waligawanywa kwa kubahatisha katika makundi matatu. Mawili yalisukumiwa dripu ya haraka, moja ya albumini (protini ya damu) na jingine ya maji ya chumvi. La tatu halikupewa dripu ya haraka, lakini halikutelekezwa: watoto wake walipata maji ya kawaida ya kutunza mwili, dawa za malaria au antibiotiki, na damu kwa aliyehitaji, sawa na wenzao.

| Kundi | Watoto | Waliofariki ndani ya saa 48 | Asilimia |
|---|---|---|---|
| Dripu ya haraka ya albumini | 1,050 | 111 | 10.6 |
| Dripu ya haraka ya maji ya chumvi | 1,047 | 110 | 10.5 |
| Bila dripu ya haraka | 1,044 | 76 | 7.3 |

Ilitarajiwa watoto wafike 3,600. Kamati iliyokuwa ikifuatilia usalama ilishauri uandikishaji usimame kabla ya hapo, kwa sababu matokeo yalikuwa yanakwenda kinyume na mazoea ya kitabibu: waliosukumiwa maji haraka ndio waliokuwa wanafariki zaidi.

Jaribio linavyofanya kazi

Tuchukue kundi la maji ya chumvi na kundi lisilopewa dripu ya haraka. Jaribio linaanza kwa kujifanya mjinga. Linadai kwamba dripu haina athari yoyote na watoto wote wametoka kapu moja. Hiyo ndiyo nadharia tete ya sifuri. Kama ni hivyo, tuwachanganye: vifo 186 kati ya watoto 2,091, yaani asilimia 8.9. Sasa zidisha 0.089 kwa 0.911, zidisha tena kwa jumla ya 1/1,047 na 1/1,044, kisha tafuta kipeuo cha pili. Unapata kama 0.01245. Hilo ni kosa sanifu la tofauti, yaani kiasi ambacho tofauti ya makundi haya ingeyumbayumba yenyewe hata kama dripu haifanyi lolote.

Tofauti tuliyoiona ni 0.0323, watoto 3.2 katika kila 100. Ukiigawa kwa kosa sanifu inakuja 2.59, na thamani ya p inakuwa takriban 0.01, kama ilivyoandikwa kwenye jarida.

Hiyo 0.01 inasema nini? Inasema kwamba kama dripu isingekuwa na athari yoyote, tofauti kubwa kiasi hiki au kuzidi, iwe upande wa madhara au wa faida, ingejitokeza kwa kubahatisha tu kama mara moja katika tafiti mia za namna hii. Haisemi kwamba kuna uwezekano wa asilimia moja kuwa dripu haina athari. Sentensi hizi mbili zinafanana kwa sauti, na tasnifu nyingi zinaandika ya pili. Ya kwanza inazungumzia data, ya pili inazungumzia ukweli wenyewe, na jaribio hili halina uwezo wa kuuwekea ukweli asilimia.

Wigo unavyofanya kazi

Wigo wa uhakika haujifanyi mjinga. Hauyachanganyi makundi. Unachukua kila moja na hali yake: 0.105 mara 0.895 gawanya kwa 1,047, jumlisha na 0.073 mara 0.927 gawanya kwa 1,044, halafu kipeuo cha pili. Jibu ni 0.01243, karibu sawa kabisa na lile la kwanza. Zidisha kwa 1.96, namba inayotumika kwa wigo wa asilimia 95, upate 0.0244. Ongeza na upunguze kwenye tofauti ya 0.0323, nawe una wigo wa asilimia 95: kutoka 0.8 hadi 5.7 katika kila watoto 100.

Sasa daktari wa wodi ana kitu cha kushika. Makadirio bora ni kwamba kwa kila watoto 31 wanaosukumiwa dripu hii, anafariki mmoja ambaye vinginevyo angepona. Hali halisi inaweza kuwa nafuu, mmoja kwa watoto 127, au mbaya zaidi, mmoja kwa watoto 18. Lakini tazama ncha zote mbili za wigo: hakuna hata moja iliyo upande wa faida. Sifuri imebaki nje. Kwa kuiona sifuri nje, tayari unajua kwamba p iko chini ya 0.05, kizingiti kinachotumika kwa kawaida, bila kuambiwa. Ndiyo sababu nimesema wigo mara nyingi unajibu maswali yote mawili, wakati p peke yake haiwezi kukurudishia wigo.

Nimesema mara nyingi, sikusema kila mara. Kwa asilimia na uwiano, jaribio linachanganya makundi na wigo hauyachanganyi, kwa hiyo kwenye mpaka kabisa, p ikiwa 0.049 au 0.051, viwili hivi vinaweza kupishana. Ikikutokea usihangaike kutafuta nani mkweli. Ushahidi uliokalia mpaka ni ushahidi hafifu kwa kipimo chochote.

Na hiyo asilimia 95 nayo ina mtego wake. Sifa hiyo ni ya utaratibu, si ya wigo huu mmoja. Ukirudia utafiti mara nyingi na kila mara ukapiga hesabu hii, wigo 95 katika kila 100 zitainasa tofauti ya kweli. Huu ulio mkononi mwako umeinasa au haukuinasa, hujui. Jerzy Neyman, aliyeuweka msingi wa hesabu hii miaka ya 1930, alisisitiza jambo hilo hilo. Katika maongezi ya kawaida siwezi kumgombeza mtu anayesema "tuna uhakika wa asilimia 95", ila kwenye utetezi wa tasnifu jiandae.

Pale p inapokwama

Turudi kwenye jedwali, safari hii albumini dhidi ya maji ya chumvi. Asilimia 10.6 na 10.5. Thamani ya p ni 0.96. Hapa ndipo kalamu za wengi zinapoandika "hakuna tofauti kati ya dawa hizi mbili" na kufunga ukurasa.

Wigo wa tofauti hiyo ni kutoka −2.6 hadi 2.7 katika kila watoto 100. Kwa maneno mengine, data hizi zinakubaliana na albumini kuokoa watoto wawili na zaidi katika kila mia kuliko maji ya chumvi, na zinakubaliana pia na albumini kuua wawili na zaidi. Watoto elfu mbili wametumika na bado pana nafasi ya kujadiliana. Mganga mkuu anayeamua ununuzi atasema, kwa haki kabisa, kwamba albumini hutengenezwa kutokana na damu ya binadamu, ni ghali, na hapa haikuonyesha faida, kwa hiyo hainunuliwi. Huo ni uamuzi mzuri. Ila umetokana na bei na kukosekana kwa ushahidi wa faida. Haukutokana na uthibitisho kwamba vitu hivi viwili ni sawa, maana uthibitisho huo haupo.

Jambo hili linaonekana vizuri zaidi kwa sampuli ndogo. Tuseme tafiti mbili zimelinganisha mbegu mbili za mahindi. Wa kwanza, wenye mashamba machache, umepata tofauti ya magunia 3 kwa ekari, wigo kutoka −1 hadi 7. Wa pili, wenye mashamba mengi, umepata tofauti ya gunia 0.3, wigo kutoka −0.1 hadi 0.7. Thamani ya p ni karibu 0.14 kwa zote mbili. Ripoti zikibeba p tu, zitasomeka sawasawa: "tofauti haikuwa na maana kitakwimu". Mkulima anayezisoma atadhani ameambiwa jambo moja mara mbili, kumbe la kwanza linasema "hatujui bado, na huenda kuna faida kubwa, ongezeni mashamba", na la pili linasema "hata kama faida ipo, haifiki gunia moja, usihangaike na bei ya mbegu mpya".

Kinyume chake kipo pia. Sampuli ikiwa kubwa mno, tofauti ya kijinga inapata p ya 0.0001. Ukilinganisha alama za wavulana na wasichana laki kadhaa, nusu alama itatosha kukupa "tofauti kubwa kitakwimu", na magazeti yatapiga kelele. Wigo ungesema kutoka alama 0.4 hadi 0.6, na kelele zingeisha zenyewe.

Hapo niongeze kidogo. Kama umehesabu watu wote, hakuna sampuli, na swali la kubahatisha kwa sampuli linaondoka. Sensa ya Tanzania ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, wanawake 31,687,990 na wanaume 30,053,130. Huhitaji p kusema wanawake walioorodheshwa ni wengi zaidi. Unahitaji kutoa tu. Makosa ya sensa ni ya aina nyingine, waliosahauliwa na waliohesabiwa mara mbili, na jaribio la nadharia tete halina dawa nayo.

Mtego wa wigo mbili zinazogusana

Wapo wanaokwepa hesabu ya tofauti. Wanachora wigo wa kila kundi peke yake, kisha wanaangalia kama zinapishana. Zikigusana, wanatangaza hakuna tofauti. Tuwajaribu kwa data zetu. Wigo wa vifo kwa waliopewa maji ya chumvi ni asilimia 8.6 hadi 12.4. Kwa wasiopewa ni 5.7 hadi 8.9. Zinagusana, 8.6 iko chini ya 8.9. Kwa kanuni hiyo ya macho, FEAST haikugundua kitu, na dripu ingeendelea kusukumwa! Tumeshaona kwamba wigo wa tofauti yenyewe uko mbali na sifuri na p ni 0.01.

Sababu ni ya kihesabu: makosa sanifu mawili hayajumlishwi moja kwa moja. Yanapandishwa mraba, yanajumlishwa, ndipo kipeuo kinatafutwa, na matokeo yake ni madogo kuliko jumla ya kawaida. Kwa hiyo wigo zisipogusana kabisa, tofauti ipo. Zikigusana kidogo, hujui mpaka upige hesabu ya tofauti. Michoro ya nguzo zenye vijiti juu yake imewapoteza wengi hapa, na ndiyo makosa ninayoyaona mara nyingi zaidi kwenye ripoti za miradi.

Pale jaribio linaposhinda

Nisionekane nimekuja kuizika p. Kuna mahali ambapo ndiyo chombo sahihi.

Kwanza, pale uamuzi ni wa ndiyo au hapana na sheria yake iliwekwa kabla ya data. Kamati ya usalama inayochungulia matokeo katikati ya utafiti haiwezi kuishi kwa makadirio peke yake. Inahitaji mpaka ulioandikwa mapema wa lini pa kusimama, na mpaka huo lazima uwe mkali kuliko 0.05, kwa kuwa kila unapochungulia unajipa nafasi nyingine ya kudanganywa na bahati. Pili, makundi yakizidi mawili. FEAST yenye makundi matatu ina ulinganisho wa jozi tatu. Ukiwa na makundi kumi una jozi 45, na jaribio moja la jumla linakuzuia kuvua samaki mpaka upate p iliyo chini ya 0.05. Tatu, hesabu zikiwa ndogo sana, mathalani vifo viwili dhidi ya saba, jaribio kamilifu la Fisher ni salama kuliko wigo wa fomula niliyoitumia hapo juu, ambayo huanza kukosea matukio yakiwa machache.

Ila ukichagua jaribio, chagua la pande mbili. Fikiria mtu angepanga utafiti wa dripu kwa swali la upande mmoja tu, "je, inapunguza vifo?" Matokeo ya kuongezeka kwa vifo yangempa p kubwa, karibu na moja, na ripoti ingesema haikuonekana faida. Madhara yangekuwa yamejificha nyuma ya swali baya.

Kwa upande mwingine, swali likiwa "je, dawa mpya ya bei nafuu si mbaya kuliko ya zamani?", jaribio la kawaida halikusaidii kabisa. Weka kwanza kiasi cha ubaya unachoweza kukivumilia, tuseme 3 katika kila 100, halafu tazama kama ncha mbaya ya wigo imekivuka. p ya 0.40 haithibitishi usawa wa chochote. Mara nyingi inathibitisha kwamba sampuli ilikuwa ndogo.

Wastani, si asilimia

Ukilinganisha wastani, kwa mfano uzito, mapato au magunia, mantiki ni ile ile. Kinachobadilika ni kwamba mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha mtawanyiko wa data, nao unakadiriwa, ndipo linapoingia jaribio la t la William Gosset, mtaalamu wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, aliyelichapisha mwaka 1908 kwa jina la kificho la Student. Kuna maamuzi mawili ya kufanya, na yote yanahusu jaribio na wigo kwa pamoja.

La kwanza: makundi ni tofauti kweli, au ni watu wale wale mara mbili? Mavuno ya wakulima hao hao kabla na baada ya mafunzo ni jozi. Toa baada na kabla kwa kila mkulima, kisha ushughulike na safu moja ya tofauti. Ukiyachukulia kama makundi mawili huru, unatupa habari bure, na wigo unapanuka bila sababu.

La pili: mitawanyiko ni sawa? Usijiulize sana, tumia njia ya Welch, isiyodai usawa huo. Programu ya R huitumia yenyewe usipoiambia vingine, na huchapa wigo chini ya p. Programu ya SPSS hutoa mistari miwili, na wa chini ndio wa Welch. Kwenye jedwali hilo hilo la SPSS, wanafunzi wengi hunakili safu ya Sig., yaani thamani ya p, na kuishia hapo. Songa kulia. Safu mbili za mwisho kabisa ni ncha ya chini na ncha ya juu ya wigo wa tofauti. Zimelipiwa tayari, zinasubiri tu kuhamishiwa sura ya nne. Na Sig. ikisomeka .000, usiandike p = 0.000, hakuna p iliyo sifuri. Andika p < 0.001.

Basi nichague kipi?

Kama unaandika kwa ajili ya mtu atakayetumia matokeo, iwe daktari, afisa kilimo au mfadhili, tanguliza wigo wa tofauti na uiache p ifuate kwenye mabano. Kama unaamua kwa kanuni iliyowekwa kabla, au makundi ni mengi, tanguliza jaribio na ufuatishe wigo. Msimamizi akidai p peke yake, mpe, kisha weka wigo pembeni. Sijaona tasnifu iliyorudishwa kwa kuwa na wigo. Hata Chama cha Takwimu cha Marekani kilitoa tamko mwaka 2016 kikionya kwamba uamuzi wa kisayansi au wa kisera usitegemee tu kama p imevuka kizingiti fulani.

Utafiti wa AQUAMAT, uliochapishwa kwenye The Lancet mwaka 2010, unaonyesha sentensi ya matokeo inavyopaswa kukaa. Watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo, walipewa artesunate au kwinini. Ningeiandika hivi: "Vifo vilikuwa 230 kati ya 2,712 (asilimia 8.5) kwa artesunate na 297 kati ya 2,713 (asilimia 10.9) kwa kwinini, tofauti 2.5 katika kila watoto 100, wigo wa asilimia 95 kutoka 0.9 hadi 4.0, p = 0.002." Msomaji wa sera anaona papo hapo kwamba hata kwenye ncha ya chini kabisa, artesunate inaokoa karibu mtoto mmoja katika kila mia. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza artesunate kwa watoto wenye malaria kali mahali pa kwinini.

Ukiamua kuripoti uwiano badala ya tofauti, kama FEAST ilivyofanya kwa kusema hatari iliongezeka mara 1.44 (wigo 1.09 hadi 1.90), alama ya kutazama ni 1, si 0: wigo ukiijumuisha 1, usitangaze tofauti. Na uwiano usiuache peke yake. Mara 1.44 ya vifo saba katika mia ni watoto watatu zaidi katika kila mia, mara 1.44 ya kifo kimoja katika elfu kumi ni kitu ambacho wodi nzima haitakiona kwa mwaka. Asilimia za makundi yote mawili zikae kwenye sentensi hiyo hiyo.